Bromini Iliyomo na Bromini Isiyomo

Kakao inayovunwa katika nyanda za chini za Beni, mashariki ya Kongo, kuanzia Mutwanga na Watalinga hadi Mangina na Oicha, ina ndani ya mbegu zake kampaundi iitwayo theobromini, ambayo hufikia kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa mbegu kavu na huchangia sehemu kubwa ya uchungu wa chokoleti nyeusi. Pamoja na kubeba jina hilo, theobromini haina hata atomu moja ya bromini: molekuli yake imejengwa kwa atomu 7 za kaboni, 8 za hidrojeni, 4 za nitrojeni na 2 za oksijeni, basi. Kwa upande mwingine, kidonge cha kutuliza msokoto wa tumbo kinachouzwa katika maduka ya dawa ya Butembo kina bromini, vyandarua vingi vinavyogawiwa bure wakati wa kampeni za kupambana na malaria vina bromini, na filamu za eksirei za miaka iliyopita zilikuwa na bromini tele, ingawa hakuna kati ya vitu hivyo ambacho mtumiaji wa kawaida angekihusisha na elementi hiyo. Kwa hiyo herufi za jina hazitoshi kumwambia mtu lolote la maana. Anayetaka kujua kama kitu kina madhara hana budi kuuliza kama bromini imo kweli, imefungwa humo kwa namna gani, na ni kiasi gani kinachoingia mwilini.

Mkanganyiko wa theobromini na bromini umetokana na maneno mawili ya Kigiriki yanayofanana kwa sauti na kutofautiana kabisa kwa maana. Mwaka 1753 mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliuita mkakao *Theobroma*, yaani chakula cha miungu, na mwanakemia wa Urusi Alexander Voskresensky alipoitenga kampaundi hiyo kutoka kwenye mbegu mwaka 1841, jina la mti likapita moja kwa moja kwenye kampaundi. Bromini ilipewa jina lake kutokana na neno jingine, lenye maana ya uvundo, na yeyote aliyewahi kuvuta hata chembe ya mvuke wake hatalibishia. Kutoka kwenye neno la chakula likatoka pia jina la bromatolojia, somo la uchambuzi wa vyakula linalofundishwa katika vyuo vinavyofuata mfumo wa Kifaransa, vikiwemo vya Kongo. Na kutoka kwenye neno la uvundo wataalamu wa ngozi wakapata bromhidrosisi, ambayo ni hali ya jasho kutoa harufu kali kutokana na bakteria wanaolivunjavunja kwenye makwapa na miguu. Katika yote hayo bromini haimo. Haimo pia katika bromeleni, kimeng'enya cha nanasi kinachomeng'enya protini, ambacho jina lake limepitia kwa mmea *Bromelia*, nao ukapewa jina la daktari wa Uswidi Olof Bromelius. Wakulima wa Beni wanakifahamu zaidi kimeng'enya kingine cha jamii hiyohiyo, papaini, kinachotokana na utomvu wa mapapai mabichi yaliyochanjwa yakiwa bado mtini, na ambacho kwa miaka mingi kilikuwa miongoni mwa bidhaa za eneo hilo zilizosafirishwa nje. 

Theobromini inastahili maneno machache zaidi, kwa sababu inaunganisha mazao mawili makuu ya biashara ya eneo hili. Butembo iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na miteremko ya Lubero inayoizunguka ni ya baridi mno kwa mkakao lakini inaufaa mbuni; Beni, iliyo chini kidogo na karibu na bonde la Semuliki, ina joto na mvua ambazo mkakao unazihitaji. Kafeini ya kahawa na theobromini ya kakao zina kiini kimoja, ila kafeini imebandikwa vikundi vitatu vya methili, yaani atomu moja ya kaboni yenye hidrojeni tatu, na theobromini imebandikwa viwili tu. Ini la binadamu huondoa kikundi kimoja cha methili kutoka kwenye kafeini, na takriban sehemu moja ya kumi ya kafeini inayonywewa hugeuka theobromini, kiasi kwamba mnywaji wa kahawa wa Butembo ana theobromini katika damu yake hata kama hajawahi kuonja chokoleti. Athari yake ni ya upole: hupanua mishipa ya damu, huongeza mkojo kidogo, na huuchangamsha moyo kuliko inavyouchangamsha ubongo. Mbwa, ambaye mwili wake huiondoa polepole sana, anaweza kufa kwa kiasi ambacho mtu angekistahimili bila kujua.

Bromini yenyewe ni elementi ya 35 katika jedwali la elementi, na ndiyo elementi pekee isiyo metali iliyo kimiminika katika joto la kawaida la chumba. Ni kimiminika kizito chenye rangi nyekundu inayoelekea kahawia, kizito mara tatu kuliko maji, kinachotoa mvuke wa rangi hiyohiyo unaounguza macho, koo na mapafu. Kwenye usawa wa bahari huchemka katika nyuzi 58.8 za Selsiasi, na katika mwinuko wa Butembo, ambako hata maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95, ingechemka chini ya nyuzi 55. Haipatikani hivyo popote katika maumbile, kwa kuwa ina tamaa kubwa ya elektroni na hujiunga upesi na elementi nyingine. Hupatikana ikiwa chumvi, hasa katika maji ya bahari yenye takriban miligramu 65 kwa lita, na kwa wingi zaidi katika Bahari ya Chumvi kati ya Israeli na Yordani. Aliyeigundua ni Antoine-Jérôme Balard wa Montpellier, Ufaransa, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1826 akiwa kijana wa miaka 23, baada ya kupitisha klorini katika maji yaliyobaki kwenye mabwawa ya chumvi na kuona rangi nyekundu ikijitokeza. Mjerumani Carl Löwig alikuwa ameipata kwa njia yake mwenyewe kutoka kwenye chemchemi ya Kreuznach, lakini alichelewa kuchapisha. Justus von Liebig, aliyekuwa miongoni mwa wanakemia wakubwa wa karne ile, inasimuliwa kuwa alishaletewa chupa ya kimiminika hicho kabla ya hapo, akakiangalia haraka na kubandika lebo kuwa ni kloridi ya iodini. Jina lisilo sahihi kwenye chupa lilimkosesha elementi nzima.

Familia ambayo bromini imo huitwa halojeni, maana yake zinazozaa chumvi, na ndani yake zimo florini ya dawa ya meno, klorini ya chumvi ya mezani na ya dawa ya kusafishia maji, pamoja na iodini inayotiwa katika chumvi ili kuzuia uvimbe wa tezi la shingo. Wakazi wa Butembo na Beni waliifahamu klorini kwa karibu kuliko walivyopenda. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, baada ya wagonjwa kubainika Mangina, ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020, ukaacha wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, na katika muda wote huo ndoo yenye bomba ilisimama kwenye milango ya makanisa, shule, maduka na kwenye vizuizi vya barabarani. Mchanganyiko wa klorini wa asilimia 0.05 ulikuwa wa mikono, na wa asilimia 0.5, wenye nguvu mara kumi, ulikuwa wa sakafu, vifaa na miili ya marehemu. Tofauti kati ya dawa ya kunawia na dawa inayochubua ngozi ilikuwa sifuri moja tu katika maandishi. Maelezo mengi yalifika kwa Kifaransa cha hospitali. Shirika la Translators without Borders, lililochunguza suala la lugha huko Goma mwaka 2019, lilikuta kwamba istilahi za Kifaransa na hata Kiswahili cha vitabuni viliwapita watu wengi. Kutoaminiana kulikosababisha vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo kushambuliwa mwezi Februari 2019 kulikuwa na sababu nyingi, zikiwemo vita vya muda mrefu na uchaguzi ulioahirishwa katika miji ya Beni na Butembo, na lingekuwa kosa kuyatupa yote juu ya lugha. Hata hivyo, dawa isiyoelezwa kwa maneno ambayo mtu anayatumia nyumbani kwake huacha nafasi kubwa ya uvumi.

Bromini haikutumika katika ndoo hizo, lakini ilikuwa na kazi yake katika biashara ya mazao ya dunia nzima kwa umbo la bromidi ya methili, gesi isiyo na rangi na karibu isiyo na harufu, iliyokuwa ikipulizwa kwenye maghala, makontena na mashimo ya meli ili kuua wadudu wa nafaka, kahawa na kakao. Ubaya wa kutokuwa na harufu ni kwamba mfanyakazi huweza kuivuta bila kujua, na madhara yake kwenye mapafu na mishipa ya fahamu huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye; kwa sababu hiyo watengenezaji walikuwa wakiichanganya na kloropikrini kidogo, kemikali inayowasha macho, ili iwe onyo. Kilichoiondoa sokoni, hata hivyo, si afya ya wafanyakazi bali anga: atomu ya bromini ikifika juu huharibu tabaka la ozoni takriban mara 60 kuliko atomu ya klorini, na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, iliyorekebishwa Copenhagen mwaka 1992 ili kuiingiza gesi hiyo, ililazimisha nchi zilizoendelea kuiacha kufikia 2005 na nchi zinazoendelea kufikia 2015. Matumizi ya karantini na ya kabla ya kusafirisha mizigo yaliachwa nje ya katazo hilo, mwanya ambao wanamazingira wameulalamikia tangu wakati huo. Katika maghala mengi nafasi yake imechukuliwa na vidonge vya fosfidi ya alumini, vinavyotoa gesi ya fosfini vinapokutana na unyevu wa hewa, na ambavyo havina bromini wala huruma: gunia lililotiwa dawa hiyo halipaswi kukaa katika chumba wanacholala watu.

Neno bromidi lenyewe linahitaji kufafanuliwa kwa makini, kwa kuwa ndilo linaloonekana zaidi kwenye maboksi ya dawa. Bromidi ni atomu ya bromini iliyopata elektroni moja ya ziada na hivyo kuwa ioni yenye chaji hasi; imeshaipata elektroni iliyokuwa ikiitafuta, imetulia, haiunguzi na haina harufu. Katika dawa nyingi kazi yake ni ya usindikizaji tu: molekuli inayotibu ina chaji chanya, na bromidi inakuwepo ili kusawazisha hesabu ya chaji na kuiwezesha dawa kukaa katika hali ya chumvi kavu inayoyeyuka vizuri. Ndivyo ilivyo kwa ipratropiamu bromidi inayovutwa na wagonjwa wa pumu, kwa vekuroniamu bromidi inayolegeza misuli wakati wa upasuaji, na kwa setrimidi, dawa ya kusafishia vidonda ambayo ni kundi la bromidi zenye mnyororo mrefu wa kaboni.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni dawa ya msokoto wa tumbo. Dawa hii hufika Butembo kwa njia zaidi ya moja, na kulingana na mahali ilikotengenezwa, boksi lake huitaja kwa Kifaransa kama butilibromidi ya skopolamini au kwa Kiingereza kama butilibromidi ya hayosini. Skopolamini na hayosini ni kitu kimoja, alkaloidi inayotokana na mimea ya jamii ya mnanaha, na mama aliyeandikiwa jina moja akapewa boksi lenye jina la pili hajapewa dawa tofauti. Neno linalostahili kuangaliwa ni lile la butili. Kwa kuongezewa kikundi cha butili, chenye atomu nne za kaboni, atomu ya nitrojeni katika skopolamini hupata chaji chanya ya kudumu, na molekuli yenye chaji ya kudumu haiwezi kupenya kwa urahisi kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Hivyo dawa hubaki tumboni, kwenye utumbo na njia ya nyongo na mkojo, ikizuia ujumbe wa asetilikolini unaoiamuru misuli laini kujikunja. Ipo chumvi nyingine ya alkaloidi hiyohiyo iitwayo hidrobromidi, isiyo na butili, ambayo hutolewa kwa kichefuchefu cha safari. Hiyo huingia ubongoni, na kipimo chake cha kawaida ni miligramu 0.3, ilhali kidonge kimoja cha butilibromidi kina miligramu 10. Mtu aliyepewa hidrobromidi kwa kipimo cha butilibromidi angekuwa amepewa zaidi ya mara 30 ya kiasi kinachostahili, na angeanza kuweweseka, kuona visivyokuwepo na kuwa na mboni zilizopanuka na moyo unaokwenda mbio. Bromidi imo katika dawa zote mbili, tena kwa kazi ileile ya usindikizaji, na haina hatia yoyote katika tofauti hiyo.

Kiasi kinaweza kuhesabiwa bila maabara. Bromini ni takriban asilimia 18 ya uzito wa butilibromidi ya skopolamini, hivyo kidonge cha miligramu 10 kina bromidi isiyozidi miligramu 2, na mgonjwa anayemeza vidonge sita kwa siku hupata miligramu 11 hivi, kiasi kisicho mbali sana na miligramu chache ambazo kila mtu hula kila siku kupitia chakula na chumvi. Damu ya binadamu mwenye afya ina bromidi kidogo wakati wote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walionyesha mwaka 2014 kwamba bromini hiyo chache inahitajika katika kuunganisha nyuzi za kolajeni ya aina ya nne, inayoshikilia tishu za viumbe kuanzia nzi hadi binadamu, na kwamba nzi wa matunda waliokoseshwa bromini katika chakula walishindwa kukua vizuri.

Wakati mmoja, hata hivyo, bromidi yenyewe ndiyo iliyokuwa dawa. Mwaka 1857 Sir Charles Locock, daktari wa uzazi wa Malkia Victoria, aliwaeleza madaktari wenzake jijini London kwamba bromidi ya potasiamu ilikuwa imezuia degedege la kifafa kwa baadhi ya wagonjwa wake, na kwa zaidi ya miaka 50 iliyofuata haikupatikana dawa bora kuliko hiyo, hadi fenobabito ilipoingia mwaka 1912. Fenobabito ndiyo inayobaki dawa ya bei nafuu ya kifafa katika vituo vya afya vya mashariki ya Kongo hadi leo, na haina bromini. Mgonjwa wa enzi za bromidi alimeza gramu 3 au zaidi kwa siku, ambazo zina gramu 2 za bromidi, kiasi kinachozidi mara 180 kile cha vidonge sita vya tumbo. Tatizo likawa kwamba mwili huiondoa bromidi polepole, ukihitaji takriban siku 12 kupunguza nusu tu ya iliyopo, hivyo kipimo cha leo hujilimbikiza juu ya cha wiki iliyopita hadi kufikia hali iitwayo bromizimu: usingizi, kuyumba, vipele vinavyofanana na chunusi, kuchanganyikiwa, na mwishowe kichaa chenye kuona vitisho. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, dawa za usingizi na za maumivu ya kichwa zenye bromidi zilipouzwa bila cheti cha daktari, sehemu ya kutajika ya waliolazwa katika hospitali za wagonjwa wa akili nchini Marekani walikuwa na ugonjwa huo, uliotibiwa kwa kuacha dawa na kupewa chumvi ya kawaida na maji mengi ili kloridi iisukume bromidi nje kupitia figo.

Ugonjwa huo ulidhaniwa umebaki katika vitabu, hadi jarida moja la Chuo cha Madaktari cha Marekani lilipochapisha, mwaka 2025, habari za mwanamume wa miaka 60 aliyekuwa ameamua kuiondoa kloridi yote katika chakula chake. Baada ya kuuliza programu ya akili bandia ya ChatGPT, alinunua bromidi ya sodiamu kwenye intaneti na kuitumia badala ya chumvi ya mezani kwa muda wa miezi mitatu; alifika hospitali akidai kuwa jirani yake anampa sumu, na bromidi katika damu yake ilipimwa kuwa miligramu 1,700 kwa lita, wakati kiwango cha kawaida hakizidi 7.3. Kwamba bromidi inaweza kuchukua nafasi ya kloridi ni kweli kabisa mtu akiwa anazungumzia bidhaa za usafi au kemia ya viwandani, na ni upuuzi akiwa anazungumzia mboga. Mafundi wa maabara wanapaswa kujua jambo jingine linalohusiana na kisa hicho: mashine nyingi za kupimia chumvi za damu huisoma bromidi kana kwamba ni kloridi, hivyo mgonjwa anayeweweseka na ambaye karatasi yake ya majibu inaonyesha kloridi ya juu kupita kiasi huenda hana kloridi ya ziada hata kidogo.

Namna ya pili ya bromini kukaa katika kampaundi ni ile ya kufungwa moja kwa moja kwenye kaboni kwa kifungo kisichoachia katika maji, na hapo haiitwi tena ioni wala chumvi. Deltamethrini, dawa ya kuulia mbu iliyopakwa kwenye vyandarua vingi vinavyogawiwa nchini Kongo, ina atomu mbili za bromini zinazofanya karibu theluthi moja ya uzito wake. Iliundwa mwaka 1974 na Michael Elliott na wenzake katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, kwa kuiga sumu asilia ya maua ya pareto, zao ambalo nyanda za juu za Kivu zimelilima tangu enzi za Wabelgiji. Sumu ya pareto haina bromini, lakini huharibiwa haraka na jua; bromini na marekebisho mengine ndiyo yaliyoipa deltamethrini ukaidi wa kudumu kwenye uzi kwa miaka kadhaa. Humshika mbu kwenye milango ya sodiamu ya mishipa yake ya fahamu, humfanya atetemeke na kuanguka, wakati mtu aliyelala chini ya chandarua hicho, mwenye ini linaloivunja upesi, pengine atawashwa tu ngozi siku ya kwanza kama hakukianika kivulini kabla ya kukitumia. Samaki ni jambo jingine, kwa kuwa deltamethrini huwaua kwa kiasi kidogo mno, na chandarua kilichogeuzwa wavu wa kuvulia kina madhara mtoni na ziwani yanayozidi uzembe tu. Bromheksini, dawa ya kulainisha makohozi, nayo ina atomu mbili za bromini zilizofungwa kwenye pete yake ya kaboni, na kwa kuwa huuzwa ikiwa chumvi ya kloridi, ni dawa yenye bromini isiyo na bromidi. Dekstromethofani ya kuzuia kikohozi ni kinyume chake, hidrobromidi isiyo na bromini ndani ya molekuli inayotibu. Dawa hizo mbili hukaa jirani kwenye rafu ya sharubati za kifua.

Kuhusu filamu za eksirei inatosha kusema kwamba zilikuwa na punje ndogo za bromidi ya fedha, chumvi inayobadilika inapoguswa na mwanga au mionzi, na kwamba mashine za kidijitali zinaiondoa taratibu katika hospitali kama zilivyokwisha kuiondoa katika studio za picha.

Linabaki umbo la tatu, ambalo ndilo linalomgusa mlaji wa mkate. Bromati ni bromini iliyozungukwa na atomu tatu za oksijeni, na oksijeni hizo hubadilisha tabia yake yote: bromidi haina haja tena na elektroni, bromati inazipora kutoka kwenye kila kitu kilicho karibu nayo. Bromati ya potasiamu ikichanganywa na unga wa ngano kwa kiasi kidogo sana huimarisha nyuzi za gluteni, mkate unaumuka juu na kuwa mweupe na laini, jambo linalowavutia waokaji popote ambapo unga wenyewe ni hafifu. Kinadharia yote hugeuka bromidi katika tanuri. Kiutendaji, ikizidishwa, au moto ukiwa mdogo na muda mfupi, sehemu hubaki katika mkate. Tafiti za Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilionyesha kwamba husababisha uvimbe wa saratani katika figo za panya, Uingereza ikaipiga marufuku mwaka 1990, kamati ya wataalamu ya FAO na WHO ikashauri mwaka 1992 isitumike katika unga, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likaiweka mwaka 1999 katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. China iliizuia mwaka 2005 na India mwaka 2016, huku nchini Marekani jimbo la California likipitisha mwaka 2023 sheria itakayoanza kutumika 2027. Nchini Nigeria mamlaka ya chakula na dawa, NAFDAC, chini ya Dora Akunyili aliyeanza kuiongoza mwaka 2001, iliipiga vita hadharani, ikivamia viwanda vya mikate na kuchukua sampuli.

Bidhaa zinazoingia Kongo kutoka Uganda kupitia Kasindi hukaguliwa na ofisi ya serikali ya udhibiti, OCC, lakini kiboresha unga kinachouzwa kwa pakiti ndogo hakihitaji ofisi ili kusomwa. Bromati ya potasiamu hutambulika kwa namba E924, inayoandikwa vilevile katika lugha zote. Asidi ya askobiki, yaani vitamini C, inayofanya kazi karibu ileile katika unga na ambayo waokaji wa nchi zilizoiacha bromati wamehamia kwayo, hutambulika kwa namba E300. Na pakiti ikiwa haina namba wala orodha ya viambato, mwokaji atakayeinunua hatakuwa na njia ya kumjibu mteja anayeuliza kilichomo katika mkate wake.